Mti Ulio Nyuma ya Babu



Nyumba nyingi za hapa kwetu Mugoma zina picha moja iliyo ya zamani kuliko nyingine zote. Hutundikwa sebuleni karibu na kalenda, ndani ya fremu yenye kioo, na pembe zake zimekwisha kuanza kuliwa na unyevu. Mzee ameketi kitini, bibi yuko kando yake, watoto wamepangwa kwa kimo, na nyuma yao kuna mti, au migomba, au kilima. Hakuna anayecheka. Mgeni akiingia huonyeshwa: huyu ndiye babu, huyu ndiye baba alipokuwa mtoto. Na mwenye kupenda maneno huongeza: waona mti ule? Ule ndio uliokuwa alama ya mji wake.

Ni hilo neno la mwisho lililotufanya tushike kalamu. Je, yafaa kusema kwamba mti ulio nyuma ya mtu aliyekwisha kufa una maana fulani? Na tukisema hivyo, ni nani atakayetuambia tumekosea, iwapo mwenyewe hawezi tena kufungua kinywa? Huenda mtu akaona hili ni swali la kupotezea wakati. Sisi lilitutia aibu mbele ya watu, nasi twaona ni afadhali tulieleze lilivyokuwa.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tumekwisha kustaafu, palitokea ugomvi wa shamba baina ya watu wa ukoo wetu na jirani zao. Shamba lenyewe si kubwa. Ni kipande cha mteremko kinachoshuka mpaka bondeni, chenye kahawa kidogo na migomba. Lakini kila akaaye Ngara ajua jinsi ardhi ilivyopungua, na jinsi kipande kama hicho kiwezavyo kuwanyima watu usingizi, hata walioshirikiana kuzika wazazi wao wakaacha kusalimiana njiani. Wazee wakaitwa wasikilize. Upande wetu haukuwa na karatasi yoyote. Ulikuwa na picha.

Wakatwambia, “Mwalimu, wewe umesoma chuo, utufasirie hii picha wazee waelewe.” Nasi, kwa bahati mbaya, tulifurahi kuambiwa hivyo. Chuoni tulifundishwa kutumia picha darasani: kwanza muulize mtoto anaona nini, kisha muulize kwa nini. Tuliwauliza watoto maswali hayo kwa miaka zaidi ya thelathini. Siku ile hatukuuliza swali hata moja. Tulisimama tukaeleza kwa karibu nusu saa.

Tulisema kwamba kiti chenye mgongo ni ishara ya mwenye mji. Tulisema migomba miwili, mmoja kila upande, ni shamba lake, naye amesimamishiwa mashahidi wawili. Na juu ya mti mkubwa ulio nyuma tulisema mengi zaidi, kwa sababu hapo tulikuwa na elimu kidogo. Mti ule ni wa jamii ya mkuyu, ule ambao majirani zetu wa Burundi na Rwanda huuita umuvumu, ambao zamani gome lake lilipondwapondwa likawa nguo. Watu waliuchomeka kuzunguka nyua zao, nao ukashika mizizi ukawa mti. Wenyewe wakahama au wakafa, nyumba ikaanguka, mti ukabaki. Hata leo, Burundi na Rwanda, miti mikubwa ya namna hiyo huonyesha mahali palipokuwa na miji ya wafalme wao. Tukawakumbusha wazee kwamba Wahaya hupanda mulamula mpakani, na Wachaga wana isale lao, ambalo ni alama ya mpaka na pia ni jani la kuombea msamaha. Basi, tukamaliza, babu hakukaa mbele ya mti huu kwa bahati tu. Alitaka watoto wa watoto wake wajue shamba lake liliishia wapi.

Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Twakiri kwamba tuliketi tukiwa tumeridhika na nafsi zetu.

Ndipo mama mmoja wa upande wa pili akainuka, akasema taratibu, “Mwalimu, unisamehe, nami nina picha.” Akaenda nyumbani kwake, akarudi akiwa ameifunga ndani ya kitenge. Walikuwa babu na bibi yake yeye, pamoja na watoto wao. Nyuma yao ulisimama mti ule ule, wenye panda ile ile, na tawi lililovunjika upande wa kushoto. Migomba ilikuwa miwili, mmoja kila upande. Hata kiti kilikuwa kile kile. Mgongo wake ulikosa kijiti kimoja katika picha zote mbili.

Watu walicheka sana. Sisi hatukucheka.

Shangazi yetu, ambaye siku ile hakuwako barazani, alitueleza baadaye bila kuficha kwamba tumejitakia. Alikuwa msichana mdogo picha ile ilipopigwa, katika miaka ya 1950, naye yumo, ni wa pili kutoka kulia. Mpiga picha alikuja na baiskeli, akafikia kwa mtu mmoja mwenye uwanja mpana kando ya njia, akakaa siku mbili. Waliotaka picha walimfuata huko wakiwa wameoga na kuvaa. Kiti kilikuwa cha mwenye nyumba. Migomba ilikuwa imekatwa na kuchomekwa chini kwa ajili ya arusi iliyokwisha kupita, kama tufanyavyo hata leo kupamba lango. Tukaitazama tena picha yetu, tukaona kwamba majani ya mgomba mmoja yamelegea kabisa. Ulikuwa umekwisha kunyauka, nasi tuliuita shahidi.

Tangu siku ile tumejisomea kidogo habari za picha za zamani, tukagundua kwamba makosa kama yetu ni mengi, nayo hufanywa hata na watu wenye elimu kubwa.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba kamera ilikuwa na haja zake, ambazo hazikuwa haja za babu. Louis Daguerre, Mfaransa, ambaye njia yake ya kupiga picha ilitangazwa Paris mwaka 1839, alihitaji dakika kadhaa za jua kali ili kupata picha moja. Miaka mia moja baadaye kamera zilikuwa nyepesi zaidi, lakini mpiga picha wa kijijini asiyekuwa na taa aliendelea kutegemea jua. Kwa hiyo aliwaweka watu nje, penye mwanga wa kutosha na kivuli kidogo ili wasikunje macho. Kando ya mti mkubwa ndipo mahali panapofaa. Ndiyo kusema familia nyingi zimeonekana penye miti si kwa sababu zilipenda miti, bali kwa sababu ndani ya nyumba mlikuwa na giza.

Kadhalika rangi. Sahani za vioo na filamu za zamani ziliona sana rangi ya samawati na hazikuona rangi nyekundu. Filamu za kamera ndogo za namna hiyo ziliendelea kutumika hadi miaka ya 1950. Basi anga ya samawati ilitoka nyeupe tupu kama shuka, na udongo wetu mwekundu ukatoka mweusi. Hata nyuso za watu zilitoka nyeusi kuliko zilivyokuwa. Tumewahi kumsikia kijana akieleza picha ya nyumbani kwao kwamba wazee wamesimama juu ya ardhi iliyoungua, na kwamba mbingu juu yao hazina wingu kwa sababu ulikuwa mwaka wa njaa. Alisema kwa uchungu wa kweli. Lakini ile ilikuwa ni filamu tu.

Mijini mambo yalikuwa kinyume chake. Wagoa kama Gomes na Coutinho walikuwa na studio zao Unguja tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko huko mwaka 1930. Katika studio za siku zile, za huku na za Ulaya, desturi ilikuwa kutundika nyuma ya watu pazia lililochorwa bustani au ziwa au nguzo za jumba. Tajiri wa mjini aliketi mbele ya msitu wa rangi. Na desturi hiyo haikufa upesi: wapiga picha wa kivukoni Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, waliwapiga watu mbele ya meli, ndege na majumba marefu, yote yamechorwa. Hapa basi ishara ni rahisi kidogo kuisoma, maana mtu aliletewa mapazia akachagua. Aliyechagua ndege alitaka tumwone kama msafiri. Hakutudanganya, maana hata mtoto huona kwamba ile ni kitambaa. Alitwambia alichokitamani.

Jambo la kuchagua ndilo tunalotaka kulikazia. Katika National Gallery ya London mna picha ya rangi iliyochorwa na Thomas Gainsborough yapata mwaka 1750, ya Bwana na Bibi Andrews. Mume amesimama na bunduki na mbwa wake, mke ameketi kwenye benchi chini ya mwaloni, na kando yao kuna miganda ya ngano na mashamba yanayokwenda mbali. Mwaka 1972 John Berger, Mwingereza, alisema kwamba watu hawa wanaonyesha mali yao: wanatutazama kama watu wanaomiliki kila kinachoonekana nyuma yao. Wengine walimpinga, wakasema walifurahia tu uzuri wa nchi. Sisi twaona Berger alikuwa na haki ya kusema, kwa sababu mashamba yale yalikuwa ya familia zao kweli, nao walimlipa mchoraji, na mchoraji hulipwa achore anachotakiwa. Lakini kuna sehemu moja katika picha ile ambayo hutufundisha zaidi. Pajani pa mke pana mahali ambapo hapakumalizwa kuchorwa. Kitambaa kimeachwa kitupu. Kwa muda mrefu watu wamekuwa wakipajaza kwa maneno: wengine wanasema palikuwa pawekwe ndege aliyewindwa, wengine mtoto ambaye angezaliwa. Mahali patupu panawashinda watu kunyamaza.

Wako nao ambao hawakuchagua chochote. Mwaka 1907 hadi 1908 msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita kutoka Bukoba kwenda Rwanda na kuendelea hadi Kongo. Wataalamu wake waliwapima watu vichwa na kuwapiga picha ili wawe vielelezo vya makabila. Picha nyingi za Wajerumani wa siku zile zina maandishi ya jina la kabila au la mahali, na mtu mwenyewe hana jina. Ukimwona mtu wa namna hiyo amesimama porini na mkuki, usiseme upesi kwamba alipenda kuonekana hivyo. Huenda aliambiwa vua shuka, simama pale, shika hiki. Pori lile ni neno la mpiga picha.

Sisi tuliokuwako Ngara mwaka 1994 twakumbuka pia picha za kazi tofauti kabisa. Mwisho wa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa mji wa mahema. Katika kambi za wakimbizi wa miaka ile, Goma na kwingineko, watoto waliopotezana na wazazi wao walipigwa picha wakiwa na namba. Picha zile zilibandikwa mbaoni, na akina mama wakapita mbele yake polepole. Sidhani, au tuseme hatudhani, kwamba hata mmoja wao alitazama kilichokuwa nyuma ya mtoto.

Sasa turudi nyumbani. Ndugu mmoja tuliyemsomea mawazo haya alitupinga vizuri. Alisema, “Hata kama mti haukuwa wa babu, sisi tumeutazama ukutani miaka sitini. Umekuwa wetu. Maana haitoki kwa aliyepigwa picha peke yake, hutoka na kwa wanaoitazama.” Tulikaa na neno hili siku nyingi, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Mtoto aliyekua akimwona babu chini ya mti atamkumbuka babu kila aonapo mti wa namna ile, wala hakuna wa kumkataza. Hilo ni pendo, na pendo halihitaji hati.

Lakini twaona kuna tofauti, nayo iko katika sarufi, jambo ambalo mwalimu hawezi kuliacha. Kusema “sisi twaona mti huu twamkumbuka babu” ni kusema habari zetu wenyewe. Kusema “babu aliweka mti huu ili kuonyesha mpaka” ni kumtia babu maneno kinywani. Mtenda wa sentensi amebadilika. Na yule tuliyembadilisha amelala kaburini, hawezi kuja barazani kukana. Kumsingizia aliye hai ni kosa, naye aweza kujitetea. Twafikiri kumsingizia marehemu ni kosa zito zaidi, hasa ikiwa maneno tunayomwekea yanatupatia sisi shamba. Amri ya tisa tuliifundisha watoto kwa miaka mingi kana kwamba yahusu jirani aliye hai tu.

Yuko atakayesema, basi tunyamaze kabisa, tusisome picha. Hapana, hilo nalo si haki. Wazee wetu hawakuwa magogo. Walitembea saa nzima na zaidi kumfuata mpiga picha, wakamlipa, wakavaa walichopenda kuonekana nacho. Babu alichagua koti, ijapokuwa shangazi asema lilikuwa joto siku ile. Vitu walivyokwenda navyo kutoka nyumbani ni usemi wao, na vile walivyovikuta pale ni vya mwenye uwanja. Mtu akitaka kusoma picha ya kwao, na aanze kwa kuuliza ni kipi kilitoka nyumbani. Ni kazi ya polepole, na mara nyingi jibu liko kwa mzee mmoja tu, ambaye twasema tutamwuliza kesho.

Sisi tulipouliza, tulimwuliza shangazi juu ya kitu ambacho hatukuwa tumekiona kabisa siku ile ya baraza, kwa jinsi tulivyokuwa tumeshughulika na mti. Bibi, katika picha, ameshika pajani kitambaa kilichokunjwa. Si mfuko, wala si leso ya kujifutia. Ni nguo ndogo, imekunjwa mara nne, na mikono yake yote miwili iko juu yake. Shangazi alisogeza picha karibu na dirisha. Akasema, “Alitoka nayo nyumbani. Mpiga picha alimwambia aiweke chini, akakataa.” Tukauliza ilikuwa nguo ya nani. Akasema hajui, alikuwa mdogo, na mama yake hakuwa mtu wa kuulizwaulizwa.

Tangu habari hiyo ienee katika ukoo, tumekwisha kusikia kwamba ilikuwa nguo ya mtoto aliyekufa. Mwingine amesema ilikuwa ya ubatizo. Wanayasema kwa uhakika, nasi tukiwauliza mmeyatoa wapi, wanasema yanaonekana katika picha.

Ugomvi wa shamba uliamuliwa bila picha. Wazee walitembea mpakani pamoja na majirani wa pande zote nne, wakasikiliza waliolima hapo tangu ujana wao, wakaweka alama. Upande wetu ulipata kasoro ya kile ulichodai. Yule mama wa picha ya pili sasa hutusalimia vizuri, akituita “Mwalimu wa mti”, na tumeizoea.

Picha yetu tuliitoa kwenye fremu mwezi uliopita ili kubadili kioo kilichopasuka. Nyuma yake tukaandika kwa penseli majina ya wote saba, na kwamba mti, kiti na migomba ni vya uwanja wa mtu mwingine, na koti ni la babu. Tukaandika pia: nguo aliyoshika bibi, alitoka nayo nyumbani. Hapo tukaacha mistari miwili mitupu, tukairudisha ukutani.